Mama wa Aliyekimbia

Hapa Potrero Takuara padre huja mara moja kwa mwezi, tena barabara ikiwa kavu, na watu hawajui kufa kwa ratiba. Ndiyo maana tuna mwombaji. Mwombaji wetu kwa miaka arobaini ni Ña Obdulia Riquelme, Ña ndiyo Bi kwetu, mama yangu wa ubatizo, mwanamke mfupi mwenye mguu mmoja mbovu na sauti ya kuamsha maiti, ingawa kazi yake ni kuwalaza. Mtu akizidiwa, anaitwa yeye. Mtu akikata roho, yeye ndiye anayeongoza sala za siku tisa. Nimemfuata tangu nina miaka kumi na mitano, nikimbebea kitabu na kigoda chake, na sijapata kumwona akipokea zaidi ya kuku mmoja au kilo ya mate, yale majani tunayokunywa kama chai.

Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani. Maana majirani zetu, hao hao waliomwita kwa wagonjwa wao, iwe mvua iwe jua, akishageuza mgongo walikuwa na jina jingine. Mama wa Aliyekimbia. Mimi nina mdomo, na wanaujua, kwa hiyo mbele yangu waliacha kulitaja.

Aliyekimbia ni Celso, mwanawe wa pekee. Jumapili moja ya mwezi wa sita, mwaka tisini, Celso aligombana hadi kupigana ngumi na Virgilio Ozuna kwenye mbio za farasi. Celso alikuwa na miaka kumi na tisa, Virgilio ishirini na miwili, wote wamekunywa, wanabishana farasi gani alitangulia kwa pua. Celso akabwata mbele ya watu themanini, "Nitakutumbua, we Ozuna, utaona!" Maneno ya mlevi. Nani hajayasema? Kesho yake, saa ya kulala mchana, ambapo hata mbwa hawapiti njiani, Virgilio akakutwa kwenye kivuko cha kijito amelala kifudifudi, ana tundu chini ya mbavu. Kabla jua halijazama, ndugu zake watatu walikuwa juu ya farasi na bunduki zao, na Celso alikuwa ameshaingia kwenye miwa akielekea mpakani, Argentina.

Mtu akikimbia, kwetu hakuna haja ya hakimu. Polisi walikuja baada ya siku mbili, wakaandika wanayoandika, wakanywa mate ya baridi kivulini, wakaenda zao. Walioamua ni akina Ozuna. Walisema siku Celso atakayokanyaga Potrero Takuara ndiyo hiyo hiyo atakayozikwa, na akina Ozuna hawana tabia ya kutania. Basi Celso akabaki huko, pembezoni mwa Buenos Aires, akijenga nyumba za watu. Baba yake alikufa, hakuja kumzika. Mwenyewe ameota mvi, tumeziona kwenye picha. Kila Jumapili anapiga simu, wanaongea juu ya mvua na bei ya saruji, basi.

Ña Obdulia sasa ana miaka sabini na saba, na macho yake yameingia ukungu. Aliniambia mara nyingi kitu anachokitaka, na ni kimoja tu. "Sitaki pepo, Librada. Hiyo Mungu atanipangia. Nataka Celso arudi nimshike uso kwa mikono hii, hata kama sitamwona vizuri."

Sasa nikueleze habari ya msalaba. Mtu akimwaga damu njiani, hapandiwi msalaba makaburini tu. Anapandiwa na mwingine pale pale alipoangukia, maana kaburi lina mwili lakini roho inabaki na damu. Kila tarehe tatu ya mwezi wa tano msalaba huo unavuliwa kitambaa cha zamani na kuvishwa kipya, cheupe, na kutundikiwa chipa, ile mikate yetu ya muhogo na jibini. Na msalaba wa damu haung'olewi. Ukioza, unapanda mwingine ubavuni mwake. Anayeung'oa, wazee walisema, ndiye atakayepandiwa unaofuata. Nimewaona wenye matrekta wakipindisha barabara nzima ili wasiuguse.

Msalaba wa Virgilio aliuchonga Fidelino Achucarro, fundi wetu seremala, kwa mti wa mwerezi, na hakutaka malipo. Kila mwaka, mwezi wa tano ukikaribia, alikwenda kivukoni mwenyewe na kopo la mafuta, akaupaka, akagonga gonga, akahakikisha haujalegea. Tulimsifu sana. Mimi mwenyewe nilimsifu, ulimi wangu na ukatike.

Asubuhi ya tarehe tatu alikwenda Ña Teófila Ozuna, mama wa Virgilio, na kitambaa alichokidarizi mwaka mzima. Mchana, watu wakilala, alikwenda Ña Obdulia na chake. Hakikuwa na darizi, kilikuwa kitambaa cheupe tu, amekiosha kwa majivu. Anakifunga chini ya kile cha mwenzake, anapiga magoti na huo mguu wake mbovu, anasali rozari nzima. Kesho yake Ña Teófila alikuwa anakivua na kukifanya tambara la kushikia sufuria. Kila mtu alijua, naye hakuficha. Miaka ishirini na minane vitambaa vya mama yangu vilishika sufuria za akina Ozuna.

Mwaka huu, mwezi wa nane, kwenye baridi, Fidelino akaanguka. Ini. Daktari wa mjini alimrudisha nyumbani afe na watu wake, lakini hakufa. Siku ya kumi na moja hali, hanywi, ngozi imeshikana na mifupa, na bado anahema. Watu wakaanza kunong'ona kwamba kuna kitu kimemkaba. Asubuhi hiyo Ramonita, mke wa mwanawe, akaja kupiga makofi langoni kwetu, ndiyo hodi ya huku.

"Ña Obdulia, njoo umsaidie mzee aende. Tumechoka jamani, yeye kachoka, sisi tumechoka."

"Nimfungulie mlango, ndiyo mnachotaka?"

"Ukiweza hata kumsukuma kidogo, msukume."

Tukaenda, tukacheka njiani. Hayo ndiyo yanayoniuma.

Fidelino alipomwona akageuza uso ukutani. Ña Obdulia alikuwa hajamaliza sala ya kwanza mzee aliposema, "Watoke wote." Derlis, mwanawe, akatoka na mkewe. Mzee akaninyooshea kidole na mimi.

"Librada ni miguu yangu," mama akamwambia. "Siwezi kuitoa nje. Sema."

Akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, tuliinama wote wawili kumsikia.

"Celso hakumgusa yule kijana. Ni mimi. Nilikuwa msituni kwa akina Ozuna saa ya kulala, nakata mwerezi wao. Akanikuta. Akaniambia nitakupeleka kwa baba ukiwa umefungwa kamba kama ndama. Nilikuwa na patasi mkononi, natia alama pa kukata, Ña Obdulia. Sikufikiri. Nilipofikiri, alikuwa chini. Nikambeba kwenye toroli, nikamtupa kivukoni, nikarudi kulala. Nililala kweli. Waliponiamsha waniambie kafa, nilikuwa nimelala."

Rozari ilikuwa imesimama vidoleni mwa mama.

"Patasi imo ndani ya msalaba," akaendelea. "Nilitoboa mguu wa msalaba kwa keekee, nikaitia, nikaziba kwa nta. Nilijua hakuna mkono utakaothubutu kuung'oa. Ni patasi ya baba, ina alama zake kwenye mpini. Na mti wenyewe ni ule ule niliokuwa nakata."

Hapo nikahesabu kichwani miaka ambayo mama alipiga magoti mbele ya chuma kile. Nikatamani kumnyonga mzee kwa foronya yake, na kama mama asingekuwepo sijui.

"Utayasema haya mbele ya Teófila," Ña Obdulia akasema. Hakuuliza.

"Nikishakufa, yaseme wewe."

"Mimi! Mimi mama wa Celso niseme marehemu kaniambia mwanangu hana kosa! Nani ataniamini, Fidelino? Mbwa wataniamini?"

Mzee akafumba macho. Mlango ukafunguka, Derlis kasimama, uso umemshuka. Alikuwa amesikia.

"Ña Obdulia," akasema, "unaijua desturi kuliko sisi. Anayoyasema mtu mbele ya mwombaji huzikwa naye."

"Naijua. Nimeifuata miaka arobaini. Nimezika mambo ya nyumba zote hizi, na ya nyumba hii pia, mwanangu, usinichokoze. Hili siliziki."

Tulitoka. Nilidhani atapiga kigelegele. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, nikimwambia Celso atakuja, mama, atakuja Krismasi hii. Tulipofika kwenye daraja la mbao akakaa chini barabarani, vumbini, kama gunia lililoshushwa.

"Basi hakuwa yeye," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Nani hakuwa nani?"

"Celso. Hakuwa yeye, Librada."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote, hata mumewe. Jioni ile ya mwaka tisini Celso aliingia jikoni anatetemeka, akaanza, "Mama, nisikilize." Naye akamziba mdomo kwa kiganja. Akamwambia, usiniambie. Mimi nasali juu ya wafu na msalaba mkononi, wakiniapisha siwezi kusema uongo. Nisipojua, sitakuwa na la kusema. Kimbia. Akamfungia muhogo wa kuchemsha kwenye kitambaa, akamsukuma nje.

"Niliona damu kwenye shati lake," akasema.

"Ya pua! Walipigana Jumapili, kila mtu aliiona ile pua!"

"Sasa ndiyo unaniambia."

Nilimkasirikia sana. Yule ni mama yangu wa ubatizo, ninampenda kuliko aliyenizaa, lakini nilimkasirikia hadi masikio yakapata moto. Miaka ishirini na minane tulidhani anasali kwa huruma tu, kumbe alikuwa anatubu kwa niaba ya mwanawe, kwa kosa ambalo mwanawe hakulifanya. Nikamwuliza alishindwaje kumwuliza hata mara moja kwenye simu. Akasema, "Niliogopa atanijibu." Kisha akasimama kwa kushika bega langu. "Twende. Akifa yule kabla hajasema, Celso hatarudi kamwe."

Nilimpakia kwenye pikipiki hadi mjini, kwa hakimu. Karani wake, kijana mwenye kucha safi, alitusikiliza kwa adabu. Akatuambia kesi hiyo ilishapitwa na muda tangu yeye yuko shule ya msingi. "Hata mwenyewe angekuja analia hapa, mama, sina pa kumwandika. Kwa serikali hakuna anayemtafuta mwanao. Anaweza kurudi hata leo."

"Na akina Ozuna, mwanangu? Wao umewaandikia barua kwamba muda umepita?"

Karani akaangalia karatasi zake.

Basi ilibaki mlango mmoja. Saa nane mchana tulikuwa mbele ya lango la Ña Teófila. Mama akapiga makofi. Mbwa wakatoka, kisha Eladio, mkubwa wa ndugu waliobaki, mtu wa miaka sitini sasa, kofia usoni.

"Umepotea njia, bibi?"

"Mwite mama yako, Eladio."

"Mama hana neno na wewe."

"Mimi ninalo. Mwite, au nitapiga makofi hapa mpaka mikono ikatike, na wewe utaeleza watu kwa nini."

Ña Teófila akatoka mwenyewe, na fimbo, miaka themanini na mmoja, mgongo umenyooka kuliko wangu. Hawakuwa wamesemezana tangu mwaka tisini. Mama yangu akamwambia yote kwa maneno machache, akiwa nje ya lango, bila kuegemea. Alipotaja patasi na msalaba, Eladio akacheka kwa hasira.

"Umesikia, mama? Anataka tung'oe msalaba wa Virgilio! Mtoto wake alimwua, yeye anakuja kumng'oa!"

"Obdulia," Ña Teófila akasema polepole, "huna haya. Nimekuvumilia na matambara yako. Leo unaniletea mtu anayekufa, asiyeweza kujitetea, fundi aliyenichongea msalaba bure, unamtwika dhambi ya mwanao."

"Ndiyo maana nakuambia twende sasa hivi, wakati bado anaweza kujitetea. Mwulize mwenyewe. Akisema mimi ni mwongo, nitaukata ulimi huu nikuachie hapa langoni."

"Nani anautaka ulimi wako?"

"Basi njoo tu, Teófila! Mimi ninakuomba. Umewahi kuniona naomba kitu kwenu?"

Ña Teófila akamwambia Eladio afunge punda kwenye mkokoteni.

Derlis alijaribu kutuzuia mlangoni. Ña Teófila alimsogeza kwa ncha ya fimbo kama anavyosogeza kuku. Fidelino alikuwa ameshafikia pale ambapo macho yanatazama na hayaoni. Nilikata tamaa. Mama akamwinamia, akapiga kelele sikioni mwake ile sauti yake ya mazishini, "Fidelino! Teófila yupo hapa!"

Macho yakarudi.

"Ni kweli?" Ña Teófila akamwuliza.

"Ni kweli."

"Mwanangu alikuambia nini?"

Midomo ilikuwa inatafuta maneno.

"Alisema, usikate huo. Huo ni wa kabati la mama."

Ña Teófila akakaa kwenye kitanda, juu ya miguu ya yule mzee, na wala hakujua amekalia nini. Eladio akauliza kabati gani. Baadaye Ña Teófila alitueleza. Wiki moja kabla ya kile kifo alikwenda msituni na Virgilio, wawili tu, akachagua mti, akauwekea mkono, akasema huu utakuwa kabati langu. Hakumwambia mumewe kwa sababu mumewe angeuuza. Watu wawili duniani walijua, na mmoja alikuwa chini ya ardhi.

Aliposimama alisema neno moja. "Ng'oeni."

Kivukoni walikusanyika watu wasiopungua thelathini, maana habari kwetu haisubiri kuitwa. Wanaume wengi, majembe mengi, na hakuna mkono uliosogea. Eladio, aliyeapa kuua mtu miaka ishirini na minane, alirudi nyuma hatua mbili. "Mama, msalaba wa damu haung'olewi."

"Damu haikumwagika hapa," Ña Teófila akamjibu. "Hapa tumekuwa tukivisha mti."

Akachukua jembe kwa mtu. Mama yangu akachukua panga. Vikongwe wawili, mmoja haoni vizuri, mwingine hawezi kuinama, wakaanza kuchimba. Niliona aibu kwa ajili ya wanaume wote wa Potrero Takuara, kisha nikakumbuka nami nimesimama tu, nikaenda nikapiga magoti nikachimba kwa mikono. Msalaba ukalala. Chini kulikuwa na duara la nta, jeusi, ukubwa wa sarafu. Mama akaipiga kwa panga, mwerezi ukapasuka, bado unanukia, na patasi ikaanguka kwenye matope. Ilikuwa na kutu, lakini kwenye mpini zilionekana alama mbili alizochoma baba yake Fidelino kwa chuma cha moto. Seremala mwingine mzee alikuwepo. Aliitazama, akavua kofia.

Ña Teófila aliitazama patasi, akamtazama mwenzake aliyekaa chini na matope hadi viwiko. "Nimeshikia sufuria kwa vitambaa vyako," akasema.

"Najua."

"Mwambie mwanao aje. Siku ya kwanza atakula kwangu. Eladio!"

Eladio alikuwa na kofia mkononi. "Aje," akasema. "Hakuna atakayemgusa."

Fidelino alikufa kesho yake alfajiri. Walipokuja kutuita kwa sala, mama alisema hawezi, aombewe na mwingine. Nikaenda mimi. Nilisali siku zote tisa nikirukaruka mistari, na Ramonita alijua, na hakuniambia kitu.

Lakini simu tulipiga siku ile ile ya msalaba, bado tuna matope. Nilitaka aoge kwanza, akakataa. Ilikuwa Jumatano. Nikaweka simu mezani, nikaipa sauti kubwa. Celso akapokea, nyuma yake mashine ya zege inanguruma.

"Mama? Kuna nini? Leo si Jumapili."

"Amepatikana aliyemwua Virgilio."

Mashine ikaendelea kunguruma. "Nani?"

"Fidelino seremala. Amesema mwenyewe. Teófila amesikia, kijiji kizima kimeona. Teófila anasema uje, siku ya kwanza utakula kwake. Eladio kasema hakuna atakayekugusa. Njia iko wazi, mwanangu."

Tukasikia anawaambia watu zimeni, zimeni hiyo kitu. Kisha mwanamume wa miaka arobaini na saba akaanza kulia kwenye simu, kilio cha kwikwi, na katikati yake anacheka. Akasema kuna basi linalofika huku Ijumaa. Akasema atamletea mama kitambaa cha sufu. Akauliza kama mti wa machungwa bado upo. Mama anamjibu upo, upo, na machozi yanachimba njia kwenye matope ya mashavu yake. Nilifikiri, sasa Mungu ametulipa.

"Unajua kilichonishikilia huku, mama?" akasema. "Wenzangu wengi wameharibika. Pombe, mambo mengine. Mimi nilikuwa najiambia, dunia nzima na iseme, lakini mama anajua. Siku ile ulinifunika mdomo, unakumbuka? Nilitaka kukwambia si mimi. Ukanifunika. Njia nzima kwenye miwa nikawa nasema, mama hataki hata nijitetee, maana hahitaji. Hilo ndilo nililolala nalo kila siku."

Mama akaisogeza simu karibu.

"Wewe ulijua, sivyo, mama?"

Nilimshika mkono. Nikamwashiria kwa kichwa, nikasema bila sauti, sema ndiyo, sema ndiyo. Neno dogo tu! Nani angemhukumu? Hakuna mtu duniani aliyekuwa na haki ya uongo mmoja kuliko yule mwanamke. Lakini alikuwa ametoka kumwona mtu akishindwa kufa siku kumi na moja kwa ajili ya jambo alilolimeza. Akautoa mkono wake kwangu.

"Sikujua, mwanangu," akasema. "Nilidhani ni wewe."

Huko nyuma mtu aliita, Celso, zege linakauka.

"Hata wewe?"

"Nilikuwa nakuombea msamaha. Kila mwaka, Celso. Kila mwaka."

"Msamaha." Alilirudia kama neno la lugha ya wageni. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya adabu, kama anavyoongea na mwenye nyumba. "Sawa, mama. Pumzika. Nitakupigia."

Jumapili hakupiga. Lakini hiyo ni baadaye. Ijumaa tulikwenda barabara kuu wote watatu, mimi, yeye, na Ña Teófila aliyekuja na kuku wa kuchoma ndani ya sufuria ameifunga vizuri. Mama alikuwa amevaa gauni la misa. Nilimwambia asitegemee sana. Akasema Celso hasira zake hazikai, alikuwa hivyo tangu mdogo. Basi lilifika saa tisa, likasimama, mlango ukafunguka, mtu akashuka.

"Ni yeye?" akaniuliza, ameshaanza kutembea na ule mguu wake, mikono mbele.

Nikamwambia si yeye, ni mwanamke na mtungi wa gesi.